Nani ataweka chokaa kwenye shamba la kukodi?

Watu wa nyumbani wakiniuliza Waingereza wanatushindia wapi kwenye kilimo, hutarajia nitaje matrekta. Mimi hutaja mikataba ya kukodi.

Naendesha lori la chakula cha mifugo huku Shropshire, Uingereza, na wakulima wengi ninaowapelekea mzigo ni wapangaji tu. Wale ambao mikataba yao ilianza kabla ya Julai 1984 wanaweza hata kurithisha upangaji wenyewe. Sheria ya 1995 ilileta mikataba mifupi, nao hawaishi kuinung'unikia. Lakini hata hiyo inasema ukiboresha shamba kwa idhini ya maandishi ya mwenye shamba, siku ya kuondoka unalipwa fidia.

Sasa njoo kwetu Trans Nzoia, Kenya. Udongo una asidi, na afisa wa kilimo atakwambia uweke chokaa. Chokaa hairudishi gharama yote msimu wa kwanza. Wewe uliyekodi ekari tano kwa msimu mmoja, kwa karatasi mliyoandikiana sebuleni kwa mwenye shamba, utaiweka kwa faida ya nani? Mahindi yakistawi, mwakani kodi inapanda au shamba anapewa mwingine. Basi unatia mbolea ya DAP, unavuna, unahama, na udongo unazidi kuharibika.

"Si muandikiane miaka minane?" Haya, jaribuni. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka hata kukodisha shamba kupite kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi. Bila idhini yake, makubaliano ni batili. Bodi ina kazi yake, maana imeokoa familia nyingi zisiuziwe shamba kisirisiri na mzee mmoja. Ila kufika bodini kunataka hati ya shamba yenye jina la mtu aliye hai. Hati ngapi bado ni za marehemu babu, na kesi ya urithi haijafunguliwa kwa kuwa baba zetu wadogo hawasemezani?

Ndiyo maana wengi wetu tulio ng'ambo tunanunua ploti ya kujenga nyumba isiyolalwa na mtu, badala ya kuweka pesa kwenye mahindi.

Sidai wageni wauziwe mashamba. Kifungu cha 65 cha Katiba kimewapa miaka 99 ya kukodi, inatosha. Nataka bodi ibaki na mauzo, na kukodi kwa miaka isiyozidi kumi kusajiliwe kwa fomu moja, wasaini warithi wote hata kama urithi haujakamilika, na fidia ya chokaa, mitaro na miti iandikwe humo humo.