Saa ilinipa sifa kazini, nikaitengeneza

Mi ni mtu wa kuchelewa, hilo nakiri, sasa kuna wiki mbili nikawa nafika kazini mapema mpaka mlinzi akaniuliza kama nimegombana na mke. Bosi akanisifia kwenye kikao mbele ya watu. Kumbe hakuna cha kubadilika, saa yangu ya mkononi imechizika, inakimbia karibu nusu saa kwa siku, na kila nikifika ofisini nairudisha kwa kufuata saa ya ukutani, kukicha iko mbele tena, mi nikawa najua mbovu ni ile ya ukutani.

Yenyewe ni Seiko 5, ile ya mgongo wa kioo, haina betri, ndani ina kijiuzito cha nusu duara kinachozunguka ukichezesha mkono, ndo kinajaza springi. Saa kama hizi kukimbia sekunde ishirini thelathini kwa siku ni kawaida tu. Nusu saa ni ugonjwa.

Mke wangu akasema peleka kwa fundi saa. Nikamwambia fundi wa nini, nimeangalia video tatu. (Ni mbili na nusu, ya tatu bando liliisha.)

Mfuniko wa nyuma una ufunguo wake maalum, mi sina, ila kwenye video walitumia mpira mdogo wa mtoto, unaukandamiza juu ya mfuniko unazungusha kushoto. Jamani ukafunguka! Hapo ndo nilipoharibikiwa, maana nilijiona fundi. Na mgongo ni kioo, yaani kila kitu cha ndani nilikuwa nakiona hata bila kufungua.

Kuna kigurudumu kinacheza huku na huku mara sita kwa sekunde, 21,600 kwa saa nzima, ukikisogelea utadhani moyo wa kifaranga. Kina springi nyembamba kama unywele, imejiviringa, na pete zake zinatakiwa ziachane zipumue. Zangu mbili tatu zimegandana. Nikasema haya basi, uchafu huu. Nikachukua bisibisi ya miwani, nikafungua skurubu inayoshika kile kijiuzito ili nione vizuri, ikatoka imening'inia kwenye ncha ya bisibisi, ndogo kama chawa, nikawa naitazama kwa mahaba kabisa.

Nikapiga chafya.

Nusu saa nzima niko chini kwa magoti. Mke anauliza mlangoni "Umemaliza?", nami najibu kutoka chini ya meza, "Bado kidogo tu." Ndo nikakumbuka nina spika iliyokufa, nikaing'oa sumaku yake, kubwa kama kisosi, nikaifunga kamba nikaanza kuiburuza sakafuni. Ikanasa pini tatu, sindano iliyotafutwa tangu mwaka jana, na hereni ya mke wangu iliyopotea, ile niliyomwambia ni dhahabu.

Sasa dhahabu na sumaku wapi na wapi. Akaiangalia ile hereni inavyoning'inia, akaniangalia mimi, akaenda zake bila neno. Mi nikaiweka ile sumaku mezani, pembeni kabisa ya saa, nikaifunika saa bila kijiuzito chake, nikalala.

Usiku huo ilikimbia kama inadaiwa. Kesho yake ikazima nikiwa kikaoni. Nikazungusha kile kitufe cha pembeni wee, kumbe mashine yangu, 7S26, haijazwi kwa kitufe, ni mtikiso tu, na mtikisaji mwenyewe yuko mfukoni kwenye bahasha. Mi nikatikisa mkono hivyohivyo, bosi akadhani nanyoosha nichangie hoja, nikaondoka na ripoti ya kuandaa.

Nikaenda kwa fundi. Mzee wa watu hata hakufungua, alitoa dira ndogo akaisogeza karibu na saa, mshale wa dira ukageuka kama umeitwa jina.

"Kijana, hii imeshika sumaku."

Akanieleza kwamba springi ikishika sumaku pete zake zinagandana, inakuwa kama imefupishwa, basi kigurudumu kinaenda mbiombio. Akailaza juu ya kijisanduku cha kutoa sumaku, akabonyeza kitufe, akainyanyua taratibu huku bado amebonyeza. Sekunde chache tu. Ugonjwa wote ulikuwa huo.

"Usiku unailaza wapi?"

"Juu ya simu, mzee."

"Hebu nione hiyo simu."

Nikampa. Ina kava la kukunja, lile linalojifunga lenyewe kwa sumaku, na usiku wa upasuaji ndo nililisimamisha mezani niangalie video. Mzee akalifungua, akavuta miwani, akachukua kibano. Kwenye kona ya kava, palepale penye sumaku, kuna kitu kidogo kama chawa kimejishikiza.

"Na hii skurubu ni ya nani?"

Sasa hivi saa iko sawa na mi nimerudia hali yangu, nachelewa kama zamani. Juzi bosi kaniita pembeni, kaniuliza kwa upole kabisa kama nyumbani kuna matatizo. Nikamwambia yapo, ila hayahusu saa, yanahusu hereni.