Barua ya Kentucky ni taarifa, si ombi

Habari niliyoisoma kuhusu elimu ya nyumbani ni nzuri, ila pale mwandishi aliposema Marekani mzazi huomba kibali cha kusomesha watoto nyumbani, ameteleza. Kila jimbo lina sheria zake. Chukueni Kentucky, waliko Wakongo wengi wa Louisville. Pale nyumba yako inahesabiwa kama shule binafsi. Unamwandikia mkuu wa elimu wa wilaya ndani ya wiki mbili tangu shule zifunguliwe, ukitaja jina, umri na anwani ya kila mtoto. Basi. Cheti cha ualimu hudaiwi.

Wengi hukwama kwenye mambo mawili. Kwanza, barua ni ya kila mwaka. Ya mwaka jana haikuokoi. Pili, kumtoa mtoto shuleni katikati ya muhula kimyakimya. Jina lake bado limo kwenye rejista, na akikosa siku 3 bila udhuru tayari anahesabiwa mtoro. Peleka barua kwanza, kwa posta ya rejista, utunze risiti.

Masomo yasipungue saa 1,062 kwa mwaka, katika siku zisizopungua 170. Ukigawa unapata kama saa 6 na robo kwa siku, ndiyo maana wenye watoto wadogo hutandaza siku zaidi. Daftari la mahudhurio lijazwe siku hiyohiyo (la kujazwa Juni kwa kalamu moja linajulikana tu), na ripoti za maendeleo ziandikwe kwa vipindi vilevile vya shule za umma.

Texas hata barua hiyo haitakiwi kama mtoto hajawahi kuandikishwa shule ya umma.