Miracles bila Smokey, Msondo bila Gurumo

Nimeishi Detroit, Marekani, muda wa kutosha kulisema hili bila kubabaika: watu wa huku wanaujua muziki wao na wanaupenda, lakini hawana subira na kundi lililoondokewa. Mwimbaji wa mbele akishatoka, masikio yote yanamfuata yeye. Waliobaki wanaweza kutoa kazi nzuri ajabu, na bado ukiwataja utaulizwa, "Kwani waliendelea?"

Ninaowazungumzia ni The Miracles, watoto wa mji huu huu. Walianza kuimba pamoja wakiwa wanafunzi miaka ya hamsini, na "Shop Around" yao ilikuwa kati ya nyimbo zilizoisimamisha kampuni changa ya santuri ya Motown. Mwimbaji wao alikuwa Smokey Robinson, mwenye sauti nyembamba ya juu ambayo hata mtu asiyejua Kiingereza inamgusa. Katikati ya miaka ya sitini jina lake likatangulizwa kwenye majalada, kundi likawa Smokey Robinson and the Miracles, na kuanzia hapo wenzake wakahesabiwa kuwa waitikiaji tu.

Hapo ndipo ninapokasirika, maana hao waitikiaji walikuwa watunzi. Ronnie White alitunga "My Girl" ya kundi la Temptations pamoja na Smokey. Bobby Rogers alishirikiana naye kutunga "The Way You Do the Things You Do". Pete Moore, mwenye besi, mkono wake umo kwenye "Ooo Baby Baby" na "The Tracks of My Tears". Wimbo huo wa mwisho una mkono wa Marv Tarplin pia, mpiga gitaa wao.

Julai 1972 Smokey aliaga jukwaani Washington, akamtambulisha kijana wa kushika nafasi yake, Billy Griffin kutoka Baltimore. Mwaka huohuo Motown ikahamishia makao yake Los Angeles.  Kwa hiyo walipoingia studio kutengeneza Renaissance, albamu ya kwanza bila kiongozi wao, iliyotoka 1973, walikuwa wamepoteza sauti na mji, na Tarplin naye baadaye akamfuata Smokey. Griffin anaimba vizuri humo, lakini mimi huwa nasikia woga, kama mgeni anayekaa ncha ya kiti. "Do It Baby" ya mwaka uliofuata ilipanda chati, wakapata nguvu.

Kisha 1975 wakatoa City of Angels. Nyimbo zimetungwa na Pete Moore na Billy Griffin: mkongwe aliyebaki na mgeni aliyeingia. Freddie Perren ndiye aliyeizalisha. Albamu nzima inahusu Los Angeles na watu wanaoihamia wakiwa na tamaa mkononi. Yumo Charlotte, msichana anayekwenda kutafuta umaarufu, na wimbo wake unaitwa "Poor Charlotte", kwa hiyo mambo yake hayahitaji maelezo. Wa mwisho unaitwa "Smog", yaani ule moshi mzito uliokuwa umeifunika Los Angeles miaka hiyo.

Sisi tuliohama tunamjua Charlotte. Tumemwona akiuza kiwanja cha familia apate nauli. Tumemwona akipiga picha mbele ya gari la mwajiri wake na kuituma nyumbani, halafu simu za kuomba ada zinaanza kumiminika. Ninachokipenda ni kwamba walioiimba nao walikuwa wahamiaji. Kazi yao ilikuwa imehama Detroit, nao wakaifuata. Smokey ni mtunzi mkubwa wa mapenzi, nampa heshima yake yote, lakini sidhani albamu hii ingetokea yeye akiwa bado mbele. Ilihitaji watu walioachwa.

Humo ndimo ilimotoka "Love Machine", iliyofika namba moja Marekani Machi 1976. Miracles walifika namba moja ya chati kuu ya nchi hii mara mbili tu: "The Tears of a Clown" mwaka 1970, Smokey akiimba, na hii. Moja naye, moja bila yeye. Mwambie hivyo mtu wa Detroit uone atakavyokukatalia.

Nyumbani mambo hayakuwa hivi. Mimi nimekulia Temeke, kwenye nyumba ya watu wa Msondo. Bendi ile ilianzishwa 1964 ikiwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo, sauti iliyoitambulisha, aliondoka 1978 kwenda bendi ya Mlimani Park, baadaye akaenda bendi ya Safari Sound, mwishowe akarudi. Wakubwa wetu walilalamika, bila shaka. Lakini swali lao la pili lilikuwa, "Kaingia nani?" Na mwisho wa wiki walikwenda ukumbini kumsikiliza huyo aliyeingia. Akiyumba walikaa vitini wakamwangalia. Akiimba vizuri waliinuka wakamtunza, noti zikabandikwa kwenye paji la uso. TX Moshi William, mwimbaji wao mwingine, alipofariki 2006, watu walilia kwelikweli, na Msondo ikaendelea kupiga.

Siyo kila mara, nakubali. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz 1973 na kuunda Super Volcano, mapenzi ya watu yaliondoka naye. Ila kwa jumla sisi tulimpa mrithi nafasi ya kusikilizwa, na nadhani ni kwa sababu muziki wetu ulikuwa ukumbini. Bendi ilikuwa mbele yako kila wiki, ukaiona ikipona. Huku watu walibaki na santuri, na santuri inamhifadhi aliyeondoka vilevile alivyokuwa, kwa hiyo mrithi anashindanishwa na mtu asiyechuja.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba kazini watu wa huku wako kinyume kabisa. Mtu anafanya kazi mahali pamoja zaidi ya nusu ya umri wake, anastaafu, wanamkatia keki, na Jumatatu kabati lake lina jina jingine. Hakuna anayemtaja tena. Kwetu fundi akifa, duka linaendelea kuitwa la kwake hata wajukuu wakilibadili rangi.

Lakini nisiwapendelee wa nyumbani mpaka nikawaficha. Masikio tuliwapa wanamuziki wetu, pesa hatukuwapa. Waliajiriwa, walilipwa mshahara, na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania zilipigwa miaka na miaka bila kuwajengea hata kibanda. Gurumo alistaafu 2013 baada ya kuimba takriban nusu karne, na gari lake alipewa zawadi na Diamond Platnumz. Diamond alifanya jambo la utu. Sisi wengine, tuliocheza nyimbo za mzee yule kwenye kila harusi, tulipaswa kuona aibu, kwa sababu gari lile lilikuwa haki yake tangu zamani. Huku, Moore na Griffin waliisajili "Love Machine" kwenye kampuni yao wenyewe ya hakimiliki, Grimora. Kundi la Wham! la Uingereza lilipoirekodi upya 1983, watunzi walikuwa na haki yao. Kwa hilo nchi hii imetushinda mbali, na COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ina kazi kubwa mbele yake.

Heshima ndiyo inayowapita Miracles waliobaki. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki, lilimwingiza Smokey peke yake 1987. Wenzake walingojea hadi 2012. Ronnie White alikuwa amefariki 1995, na Tarplin alifariki 2011, miezi michache kabla ya sherehe. Bobby Rogers, Pete Moore na Claudette Robinson, mwimbaji wa kike wa kundi, waliiona siku hiyo, na nilifurahi sana kwa ajili yao. Billy Griffin hakuorodheshwa. Aliyepokea kipaza sauti cha Smokey mbele ya umati uliomtaka Smokey, akatunga na kuimba wimbo wa namba moja, jina lake halimo. Wamwingize, na wamwingize akiwa hai.