Jerikeni nayo ni chuma: mazoezi ya nguvu kwa wenye ugonjwa wa misuli wa kurithi

Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na ushee. Naanza nayo kwa sababu hapa Uganda mtu akitaja mazoezi ya nguvu, akili zinakimbilia jimu za Kampala: vyuma, vioo, muziki. Mtoto wa Bududa au Kapchorwa, wilaya za milimani, hajawahi kukanyaga jimu, lakini anashuka bondeni kwenye chemchemi, anapanda na maji kichwani, anatua, kisha anashika jembe. Huyo yuko mazoezini kila siku, ila hakuna anayempimia.

Swali linalobishaniwa ni kama mwenye ugonjwa wa misuli wa kurithi, unaodhoofisha misuli kadiri miaka inavyokwenda, afanye mazoezi ya nguvu au aachane nayo. Wanaokataza vyuma wana hoja nzito, hasa kwa ugonjwa wa Duchenne, mmojawapo wa magonjwa hayo, unaompata takriban mvulana 1 kati ya 5,000. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana mara nyingi mama huibeba bila kuugua na mwanawe wa kiume ndiye anayeumwa. Kinachokosekana ni disitrofini, protini inayoshikiza utando wa seli ya msuli na vilivyomo ndani yake. Bila hiyo utando huchanika msuli unapofanya kazi, na huchanika zaidi pale msuli unapovutwa na uzito huku unajaribu kuuzuia: kuteremka mlima, kutua mzigo polepole. Msuli wa mtu mzima wa afya ukichanika kidogo hujijenga ukawa imara zaidi. Wa mtoto huyu, baada ya miaka, mahali pake panachukuliwa na mafuta na makovu. Mashavu ya miguu yanajaa, majirani wanasema kijana ana nguvu, halafu akishindwa kuinuka bila kujishika mapaja wanamwita mvivu. Mwongozo wa kimataifa wa matibabu wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba watoto hawa waepushwe na uzito mkubwa na mazoezi ya aina hiyo ya kuvutwa.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Msuli usiotumika hunyauka hata usipokuwa na ugonjwa, na viungo hukakamaa. Uholanzi walifanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2013, kwa wavulana 30 wenye Duchenne. Walioendesha baiskeli ya kusaidiwa na mota, kwa miguu na kwa mikono, kwa wiki 24, walibaki na uwezo uleule. Wenzao wasiofanya walishuka. Huko huko Uholanzi, mwaka 2004, watu 65 wenye ugonjwa unaoanzia usoni na mabegani walifuatiliwa kwa wiki 52. Mazoezi ya uzito hayakuwadhuru, ila faida ilikuwa ndogo: misuli inayokunja kiwiko iliongezeka nguvu kidogo, ya kifundo cha mguu iliendelea kudhoofika kwa wote, waliofanya na wasiofanya.

Mimi naona pande hizi mbili zinabishana juu ya wagonjwa tofauti. Mtu mzima mwenye ugonjwa unaokwenda polepole, akifanya uzito wa wastani chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo, simkatazi. Sioni haki ya kumnyima. Mvulana wa miaka saba anayeanguka ovyo ni habari nyingine, na kwa kuwa kipimo cha jeni hakipatikani katika kila hospitali ya wilaya, ni salama kumchukulia kama ana Duchenne mpaka ithibitike vinginevyo. Huyo hata jerikeni apunguziwe, na mwalimu wa michezo aambiwe. Kumkataza jimu halafu ukamwachia maji ya nyumba nzima ni kujidanganya.

Kwa yeyote anayefanya mazoezi, maumivu yasiyoisha baada ya siku moja au mbili ni ishara ya kupunguza. Mkojo wa rangi ya chai kavu ni wa kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo, maana msuli unaovunjika kwa wingi unaweza kuharibu figo.

Kuogelea ndiko kunakosifiwa zaidi, kwa sababu maji hubeba mwili. Ushauri mzuri, ila mabwawa safi yana kiingilio na Ziwa Victoria lina kichocho. Kwa familia nyingi kinachobaki ni kutembea kwenye tambarare bila kufika kuchoka, na kumnyoosha mtoto visigino kila jioni, kwani kano ya kisigino hukaza mapema na ndiyo inayomfanya atembelee vidole.