Samaki hawana risiti

Jirani yangu anauza samaki wa kukaanga jioni, na friza lake ndilo benki yake. Changu na tafi wakiwa bei nzuri asubuhi, ananunua wa siku tatu kwa mpigo. Juzi transfoma ya mtaani kwetu ilipasuka Ijumaa magharibi, na stima ikarudi Jumatatu adhuhuri. Jumamosi alinunua barafu. Jumapili akaanza kuwapasua na kuwatia chumvi wale ambao bado wangefaa kuwa ng'onda. Waliobaki walikwenda kwa paka, na hata paka walichagua.

Alipokwenda kwa kampuni ya stima kudai fidia, aliambiwa alete risiti.

Risiti ya samaki! Wale samaki walinunuliwa ufukweni, ngalawa ikishusha, bei ikipatanwa kwa kelele. Nani pale ana kitabu cha risiti?

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba Kenya hatuna sheria. Sheria ya Kawi ya 2019 inataja fidia kwa hasara zinazotokana na stima kukatika. Kinachotushinda ni mzigo wa ushahidi, aliotwikwa mtu asiyeweza kuubeba. Mwenye hoteli ana mhasibu na wakili. Mama wa samaki ana ndoo.

Sasa nunua tokeni za stima za shilingi 500 uusome ule ujumbe mpaka mwisho. Mna gharama ya mafuta, mna marekebisho ya fedha za kigeni, mna tozo ya kusambaza stima vijijini, mna VAT ya asilimia 16. Dola ikipanda, mimi napata yuniti chache, na hakuna aliyekuja kunionyesha risiti ya dola zake. Hasara ya upande wao inanifikia kwenye simu hadi senti ya mwisho. Hasara ya upande wangu inahitaji fomu, foleni na barua ya chifu. Mfereji ule ule unaoleta makato ungeweza kurudisha yuniti, tena bila mtu kuomba: saa 12 zikipita, kila mita iliyo chini ya transfoma ile iongezwe kiasi fulani. Saa zenyewe zinajulikana. Tunapopiga simu tunapewa nambari ya malalamiko, na nambari ile ina tarehe na saa.

Uingereza wanafanya karibu na hivyo. Malipo yao ni kiwango maalumu kinachohesabiwa kwa saa za giza, hakuna anayeulizwa friji ilikuwa na nini. Baada ya dhoruba ya Arwen, Novemba 2021, kampuni za kusambaza umeme zililipa wateja karibu pauni milioni 30.

Najua nitaambiwa mambo mengine ni ya Mungu. Kweli. Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani. (Tumbili alitoka salama.) Basi dhoruba ipewe muda mrefu zaidi kabla ya malipo kuanza. Lakini transfoma ya mtaa kukaa siku tatu bila kubadilishwa si tumbili wala dhoruba.

Hoja inayonisumbua ni nyingine: hela za fidia zitatoka wapi, kama si kwenye bei ya stima tunayolipa sisi wenyewe? Hapo EPRA, mamlaka inayodhibiti bei ya stima, ndiyo yenye kazi. Izuie fidia isiingizwe kwenye bei, itoke kwenye faida ya kampuni. La sivyo tutakuwa tunajilipa kwa mkono wa kushoto.

Tena tusijidanganye kwamba giza halijawahi kumgharimu mkubwa. Agosti 2023 nchi ilipozimika na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa giza, kesho yake mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege alifutwa kazi. Haraka ipo, pale panapotakiwa haraka.

Jirani yangu siku hizi ananunua samaki wa siku moja tu, bei iwe nzuri au mbaya. Friza amelijaza chupa za maji.