Mfalme wa Kondele Amekasirika

Jamani, kuendesha saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, ni kazi ya kuzeesha mtu. Wanaokuja kuchapisha barua za kuomba kazi hawanisumbui. Wa fomu za kodi wakilia, wanalia na serikali yao. Wanaonimaliza mimi ni hawa wafalme.

Siku gemu mpya ya kutawala dunia inapotoka, nawakuta mlangoni kabla sijatoa kufuli. Macho mekundu, usiku kucha walikuwa kwenye video za matangazo. Kila mmoja ana mpango wake. Huyu ataichukua Misri kabla ya chakula cha mchana. Yule, ambaye landilodi wake anamtafuta tangu tarehe tano, atanyoosha uchumi wa Ulaya.

Kufika saa sita, maombolezo yameanza. "Omera, hii ni bure kabisa! Ile ya zamani ilikuwa na hiki, ilikuwa na kile!" Ile ya zamani ni Europa Universalis IV. Bwana, hiyo ilitoka Agosti 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi Paradox, kampuni ya Stockholm, wameirundikia nyongeza juu ya nyongeza, nyingi zikiwa za kulipia. Sasa wewe unaichukua ya tano, ya Novemba 2025, rangi haijakauka, unataka iwe na kila kitu na ikuchekee pia.

Na wanasahau haraka hawa! Stellaris, gemu yao ya anga za juu, ilipotoka 2016, meli zilikuwa na namna tatu za kuvuka kutoka nyota hadi nyota. Mapema 2018 zikaletwa zote kwenye njia moja. Watu walinuna. Leo ukitaja ile ya mwanzo, mtu anakutazama tu.

Lakini usinielewe vibaya, sisemi ukae unangoja miujiza. Imperator: Rome, gemu yao nyingine, ilitoka Aprili 2019, watu wakaambiana subiri, itakaa sawa. Ikarekebishwa kweli, ikaanza kunoga, halafu 2021 wenyewe wakasimamisha kazi. Kwa hivyo mteja wangu akiniambia amenunua gemu kwa sababu ya vile itakavyokuwa mwakani, namwambia hata mimi mwakani nitakuwa tajiri, anikopeshe leo.

Nyingine ni mtu kutojua alichonunua. Victoria 3, yao pia, ya 2022, jamaa anabofya wanajeshi mpaka panya yangu inataka kuvunjika, anataka awaburute mmoja mmoja hadi mpakani. Hawaburutwi! Unampa jenerali uwanja wa vita, unarudi kuhangaika na bei ya mbao na nguo. Ndiyo gemu yenyewe hiyo. Mzee mmoja jirani, aliyewahi kuvua ziwani kule Dunga, alisikia tunataja Victoria akavuta kiti. Akatazama, akauliza omena wako wapi. Nikamwonyesha samaki kwenye soko, bei ikipanda na kushuka. Akasema za kupanda anazo nyumbani, akaenda zake. Huyo ndiye mteja pekee aliyeondoka bila kunitukana.

Ukiwaambia wasome maelezo kwanza, wanakuona mshamba. Halafu kuna hii habari ya kurudishiwa pesa. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanakubali ombi lako kama hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza kufika saa 2. Saa mbili! Kwa gemu za aina hii, saa mbili bado unatafuta pa kupandishia ushuru. Waziri hujamjua, jirani yako hujajua anakuchukia kwa nini. Sasa mtu anahukumu miaka mia tano ya historia kwa muda wa kuchemsha maharagwe, tena yale ambayo hayajalowekwa.

Wakishavuka hapo, wanahamia kwangu. Gemu ikifika mbali, dunia imejaa watu na majeshi wa kupigiwa hesabu kila siku, mashine inakuwa nzito, feni inaunguruma kama posho mill ya Kibuye. "Boss, kompyuta zako zimezeeka." Zimezeeka! Asubuhi zilikuwa nzuri, ukiwa na kijiji kimoja.

Jana mmoja alisimama kaunta akigoma kulipa, eti Ufaransa imemvamia bila taarifa. Mimi ndiye niliyeituma? Tukabishana hadi waliokuja kuchapisha wakaanza kutoa ushahidi. Mwishowe akatuma pesa kwa simu, amenuna, kisha akainama akaninong'oneza nimwekee ile kompyuta ya dirishani kesho saa mbili asubuhi. Ana kisasi na Ufaransa.