Daraja la kuning'inia ni salama? Tuitazame kebo

Kwenye kivuko cha Pangani, watu wakisubiri pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, habari ya daraja haiishi. Mmoja akionyesha kwenye simu picha ya lile la Maputo–Katembe, Msumbiji, lenye mita 680 zilizo wazi kati ya minara miwili, mwingine hutikisa kichwa: kitu kinachoning'inia hakiaminiki.

Hofu hiyo ina msingi, ila haijalenga penyewe. Barabara ya daraja hilo imeshikwa na nyaya za wima, nazo zimefungwa kwenye kebo kubwa zinazopita juu ya minara. Uzito wa magari huvuta kebo, kebo hukandamiza minara chini, na ncha zake huvuta nanga za zege zilizojengwa kila upande. Kebo yenyewe ni maelfu ya nyuzi za chuma. Uzi mmoja ukikatika, mwingine hubeba. Kuyumba kidogo si ubovu, ndivyo lilivyosanifiwa.

Wenye wasiwasi hutaja daraja la Tacoma Narrows, Marekani. Lilifunguliwa Julai 1940, na Novemba likaangushwa na upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, kwa sababu njia yake ilikuwa nyembamba na nyepesi mno, ikajipinda hadi ikakatika. Siku hizi mifano midogo ya madaraja hayo hupimwa kwa upepo kabla ya ujenzi.

Mimi naogopa zaidi Silver Bridge, Marekani hiyohiyo, 1967. Lilining'inia kwa minyororo, kila pingili vyuma viwili tu. Ufa wa milimita chache kwenye chuma kimoja uliua watu 46.

Na sisi tuna chumvi ya bahari. Aliyeezeka bati Pangani anajua: misumari hutangulia kuoza, bati hufuata. Kebo za Forth Road, Uskoti, daraja la 1964, zilipofunguliwa kukaguliwa 2004 zilikutwa na nyuzi zilizokatika kwa kutu, ikabidi ziwekewe mitambo ya kupuliza hewa kavu ndani yake. Mitambo hiyo hula umeme na mafundi mwaka hadi mwaka.

Kwa Pangani, ambako daraja lilipangwa kuwa na mita 525 kwa jumla, ningechagua daraja la nguzo. Kuning'iniza kuna faida kubwa pale nguzo zisipoweza kusimama majini. Anayetaka kebo hata hivyo aseme kwanza nani atazifungua kuzikagua baada ya miaka 20, na fedha hiyo imo kwenye fungu gani.